Mwanaume aliyeota matiti: apungue mwili au akatwe?

Mwanaume mwenye matiti huwa anakaa miaka mingi na siri yake. Huvaa mashati mapana, hukwepa kuogelea, hukunja mikono kifuani akipigwa picha. Siku akithubutu kuomba ushauri, atakutana na watu wa aina mbili. Wa kwanza watamwambia apunguze mwili. Wa pili watamwambia asijitese bure, upasuaji upo, ataingia asubuhi na jioni yuko kwake. Wote wanaongea kwa uhakika, na hakuna hata mmoja aliyemshika kifua.

Kazi yote huanzia hapo kwenye kushika. Mtu alale chali, kisha dole gumba na kidole cha shahada vibane titi kutoka pande mbili vikielekea kwenye chuchu. Vidole vikikutana chuchuni bila kizuizi, hayo ni mafuta. Vikigonga kitu mviringo, kigumu kiasi kama mpira, kinachosogea na pengine kuuma kikibonyezwa, hiyo ni tezi ya titi iliyokua. Madaktari huita hii ya tezi jinekomastia, na ile ya mafuta matupu huiita jinekomastia bandia. Wengi wana vyote viwili kwa viwango tofauti, na hapo ndipo ubishi unapopata chakula: kila upande una mfano wa mtu aliyefaulu kwa njia yake.

Hoja ya kupunguza mwili ni nzito kuliko inavyosikika. Mafuta hayakai tu mwilini kama mzigo stoo. Ndani yake kuna kimeng'enya cha aromatasi kinachogeuza testosteroni, homoni ya kiume, kuwa estrojeni, homoni inayochochea tezi ya titi. Mafuta yakizidi, mizani ya homoni nayo hulemea upande huo. Kwa hiyo anayepungua huondoa ujazo wa kifua na pia hupunguza kichocheo. Faida hazikomei kifuani: presha, sukari, magoti na usingizi vyote hupata nafuu, na hakuna nusu kaputi wala kovu.

Lakini mwili hauchagui mafuta yatoke wapi kwanza. Mtu anaweza kupiga pushapu mia kila asubuhi akajenga msuli ulioko nyuma ya titi, na titi likasukumwa mbele zaidi. Tezi nayo haiyeyuki kwa mazoezi. Nimeona hili likiwavunja moyo watu wenye bidii kabisa: tumbo limekwisha, uso umechongoka, ila chuchu sasa zimechomoza kuliko zamani kwa sababu mafuta yaliyokuwa yanaificha tezi yameondoka. Aliyepungua sana hubaki pia na ngozi iliyolegea, na ngozi hiyo hairudi kwa kukimbia.

Kufunga chakula kwa pupa nako kuna kichekesho chake kichungu. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, wanaume waliotoka kwenye kambi za mateka wakiwa mifupa mitupu waliota matiti walipoanza kula vizuri tena. Njaa ilikuwa imezima homoni zao, na shibe ilipoziamsha mizani ikayumba. Sisemi kila mlo mwepesi unaleta hayo. Nasema unene siyo maelezo ya kila titi.

Upasuaji, kwa upande wake, si fasheni ya jana. Paul wa Aegina, tabibu wa karne ya 7, alieleza namna ya kuyakata matiti ya wanaume. Mwaka 1946 daktari wa upasuaji Jerome Webster aliandika kuhusu mkato wa nusu duara kwenye ukingo wa ule weusi wa chuchu, mahali ambapo kovu hujificha lenyewe, na mkato huo unatumika mpaka leo. Siku hizi mafuta hufyonzwa kwa mrija mwembamba, tezi hukatwa, na mgonjwa huvaa fulana ya kubana kwa wiki kadhaa. Kwa mtu mwembamba mwenye tezi iliyokomaa, hakuna kinachofikia hapo. Kumwambia huyu akakimbie ni kumwadhibu kwa kosa ambalo hakulifanya.

Wanaoisifu njia hii huwa wepesi kuruka madhara. Damu inaweza kuvilia ndani, maji yakajikusanya, chuchu zikafa ganzi, kifua kimoja kikatofautiana na kingine. Tezi ikikombwa kupita kiasi, chuchu huzama ikaacha shimo kama kisahani. Mwenye ngozi inayoota makovu manene alipime hilo mara mbili. Halafu kisu hakigusi chanzo: anayeendelea kujidunga homoni za kujaza misuli, au anayenenepa tena, anaweza kuyaona matiti yakirudi.

Kuna njia ya tatu ambayo kambi zote mbili huisahau, nayo ni kutafuta sababu. Kijana anayebalehe mara nyingi asubiri tu, kwa kuwa tezi za umri huo kwa kawaida hunywea ndani ya miezi sita hadi miaka miwili. Mtu mzima aangalie dawa anazomeza. Spironolaktoni ya moyo na presha, finasteridi ya tezi dume, risperidoni ya magonjwa ya akili na efavirenzi ya virusi vya Ukimwi zote zinajulikana kwa hili. Asiache dawa kwa uamuzi wake; amwambie daktari, huenda akabadilishiwa. Ini lililochakaa, figo zilizoshindwa na uvimbe wa korodani navyo huleta matiti. Tezi changa inayouma inaweza kupungua kwa dawa kama tamoksifeni, ila ikipita kama mwaka hugeuka nyuzi ngumu na dawa hazifui dafu tena.

Uvimbe mgumu wa upande mmoja, uliokaa pembeni ya chuchu, chuchu inayotoa damu au ngozi iliyobonyea ni habari nyingine. Saratani ya matiti huwapata wanaume pia, ingawa ni takriban asilimia 1 tu ya wagonjwa wote wa saratani hiyo. Hapo haulizwi mtu kuhusu uzito.

Kama ningelazimika kuchagua upande, ningechagua mpangilio. Mnene aanze na mwili, uzito utulie kama miezi sita, ndipo kifua kikaguliwe upya. Kinachobaki, tezi au ngozi, ndicho cha daktari wa upasuaji, na mkato huwa mdogo zaidi. Nakiri kwamba miezi hiyo ni mirefu kwa mtu anayejichukia kila anapovua shati, na sioni aibu kwa anayeamua kutosubiri. Ila daktari anayempangia tarehe ya upasuaji bila kumuuliza dawa anazotumia, na bila kumkagua korodani, bado hajamaliza kumpima.