Mnauziwa HP za laptop na propela hamjaipima

Mmeshaliona lile tangazo: laptop juu ya kiti cha boti, waya umeingia ndani ya kava la mashine, na maandishi mekundu kwamba utaongezewa HP (nguvu ya farasi) 20 kwa nusu saa. Sina ugomvi na laptop. Ugomvi wangu ni na hiyo nusu saa. Nusu saa haitoshi hata kujua mashine yako inazunguka mara ngapi ikipewa mafuta yote, na fundi asiyejua hilo hajui anaongeza nini juu ya nini.

Kinachobadilishwa ni majedwali yaliyomo ndani ya ECU, kompyuta ndogo inayoendesha mashine: injekta ifunguke kwa muda gani, plagi ipige digrii ngapi kabla pistoni haijafika juu, mizunguko ikatwe wapi, na kwa mashine zisizotumia kebo, valvu ya hewa ifunguke kiasi gani ukisukuma mkono. Basi. Hakuna silinda inayopanuka kwa laptop. Mashine isiyo na supachaja, yaani pampu ya kusukumia hewa ndani ya silinda, itaendelea kuvuta hewa ileile iliyoivuta jana, kwa hiyo kama kiwanda hakikuibana makusudi, unaambulia asilimia chache. Na hizo chache jua la mchana linaweza kuzimaliza: nguvu iliyoandikwa kwenye kava hupimwa kwa hewa ya nyuzi 25, na hewa ya nyuzi 35 ni nyepesi kwa asilimia 3 hivi.

Sasa twende kwenye jambo ambalo wauza laptop hawalitaji kabisa.

Chukua Yamaha F115 ya toleo la sasa, maana zimejaa kwenye boti za watalii. HP 115 zake zimepimwa kwenye mizunguko 5,800 kwa dakika. Kitabu kinataka boti ikiwa na mzigo wake wa kazi, mkono umesukumwa mpaka mwisho, mizunguko iwe kati ya 5,300 na 6,300. Halafu unaikuta boti ya wazamiaji inakwenda kisiwa cha Mnemba, Zanzibar, na watu kumi na mitungi yao, mita imegota kwenye 4,900 na haipandi tena. Propela ni ya pichi 19, yaani kwa mzunguko mmoja ingesonga mbele inchi 19 kama isingeteleza majini, iliyochaguliwa siku boti iko tupu, na mwenye boti anakuapia kwamba inakimbia. Ikiwa tupu, ndiyo.

Piga hesabu. Nguvu ni mkazo wa shafti, yaani inavyosokota kwa nguvu, mara mizunguko. Mkazo ukibaki uleule, mashine ya HP 115 kwa 5,800 inatoa HP 97 hivi kwa 4,900. Zimepotea 18. Yaani zile HP za kwenye tangazo ulishazilipia siku uliponunua mashine, zimekaa humohumo ndani ya kava, na kilichozizuia kutoka ni kipande cha alumini kilichofungwa kwa nati moja!

Kila inchi ya pichi unayopunguza inarudisha mizunguko 150 mpaka 200. Kutoka 19 kushuka 15 utapata 600 mpaka 800, na boti ileile, na watu walewale, itasoma 5,500 au 5,700. Je, itakimbia zaidi ikiwa tupu? Hapana, pengine itapungua kidogo, na hapa nakubali kwamba wapenda mbio watanuna. Lakini itainuka juu ya maji mapema, haitaburuza tako na abiria wamejaa, na mashine itapumua. Ukishaifunga, ijaribu pia ikiwa tupu. Ikigonga kikomo cha mizunguko umepunguza mno, panda inchi moja.

Wengine watasema: kwa nini tusifanye vyote, propela ibaki na programu iongezwe? Hapo ndipo pistoni zinapokufa. Mashine iliyolemewa na propela nzito ni gari linalopanda mlima usio na kilele. Valvu ya hewa iko wazi yote, silinda imejaa, na pistoni inakwenda polepole, hivyo mchanganyiko unapata muda wa kupata joto na kujilipukia wenyewe kabla moto wa plagi haujaufikia. Huko ndiko kugonga. Mwenye laptop anakuja, anasogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kupiga, mbele digrii tatu na kupunguza petroli kidogo ili mashine iwe nyepesi mkononi. Kwa dakika kumi za majaribio inapendeza. Baada ya wiki kadhaa za kazi, ukuta mwembamba kati ya ringi na ringi kwenye pistoni unavunjika, kompresheni (mgandamizo wa hewa) ya silinda moja inashuka, na lawama zinaenda kwa oili.

Gari la kisasa lina kisensa kinachosikia kugonga na kurudisha taimingi nyuma. Mashine nyingi za boti, hasa ndogo, hazina. Nyingi hazina pia kisensa cha oksijeni kwenye ekzosi, kwa hiyo ECU inafuata jedwali kwa imani tu. Fundi makini anafunga cha kwake cha kupimia, na lazima akifunge juu kabla moshi haujachanganyika na maji ya kupoozea, maana tone moja la maji likikipiga kikiwa cha moto, kimekwisha. Mkono ukisukumwa mpaka mwisho, uwiano wa hewa kwa petroli unatakiwa uwe karibu 12.5 kwa 1. Muulize huyo wa nusu saa kisensa chake anakifunga wapi.

Na petroli yenyewe? Ile ya dumu, ya ufukweni, ambayo hujui kama imeonja mafuta ya taa? Mafuta ya taa yanashusha oktani, yaani uwezo wa petroli kustahimili kugonga, na kila digrii ya taimingi uliyoongezewa inadai oktani. Kiwanda kiliacha nafasi kwa ajili ya dumu kama hilo. Programu mpya imeitumia.

Hata propela isiguswe kabla ya haya. Zima mashine, mmoja asukume mkono mpaka mwisho huku mwingine akizungusha propela kwa mkono ili gia iingie, na wa tatu atazame ndani ya kava: valvu ya hewa imegusa stopa? Kebo ikilegea inakuibia nguvu bila kelele. Kausha ngama, kwa sababu lita 100 za maji chini ya sakafu ni kilo 100 ambazo hazilipi nauli. Kwangua mwani na kombe tumboni. Fungua tundu la hewa la tangi, na ukiwa kwenye mwendo tazama ile pampu ya mpira ya kubinya: ikinywea, petroli inabanwa njiani, safisha filta na kagua mipira. Bati lililo juu ya propela liwe sawa na mstari wa chini wa boti, na matundu ya kufungia mashine yameachana milimita 19, kwa hiyo tundu moja tu linaweza kubadilisha mengi. Ukiona mizunguko inapanda na boti haiendi, mpira wa ndani ya propela umeachia. Mwisho pima kompresheni, na tofauti kati ya silinda isizidi asilimia 10.

Haya, pale laptop inapostahili heshima. Viwanda vinatumia bloku moja kwa nguvu kadhaa. Suzuki DF70A, DF80A na DF90A zote ni cc 1,502. Yamaha F225, F250 na F300 zipo za V6 ya lita 4.2. Mercury nayo ina lita 2.1 moja inayouzwa kama 75, 90 na 115. Ila bloku moja si mashine moja. Fungua katalogi ya vipuri ya modeli zote mbili, linganisha namba za kamshafti, bodi ya valvu ya hewa, injekta, manifoldi na gia. Namba zikifanana zote isipokuwa ya ECU, umebanwa na programu na unaweza kufunguliwa. Kamshafti ikitofautiana, hakuna faili litakalogeuka chuma. Verado za Mercury za lita 2.6 zenye supachaja nazo zina nafasi ya kweli, kwa kuwa hapo kuna hewa ya kuongeza.

Ukiamua, faili la asili lisomwe na lihifadhiwe sehemu mbili, moja ibaki kwako. Chaja ifungwe kwenye betri wakati wa kuandika, kwa sababu umeme ukishuka katikati ECU inaweza kufa palepale. Pima kabla na baada kwa GPS, petroli ileile, watu walewale, kwenda na kurudi ili mkondo usikudanganye.

Anayekupandishia kikomo cha mizunguko na kukiita nguvu, mfukuze: kutoka 6,200 mpaka 6,600 kani inayovuta pistoni na fimbo yake inaongezeka kwa asilimia 13. Dhamana sahau, kwani ECU inatunza saa ulizoendesha kwa kila ngazi ya mizunguko na wakala anazisoma. Cheti cha boti nacho kimeandikwa HP. TASAC, shirika la serikali linalosimamia vyombo vya majini Tanzania Bara, na wenzao wa Zanzibar hawakagui laptop, lakini bima ikija kulipa itauliza.

Na nyie wenye Yamaha Enduro, zile za 2-stroke, ambao tangazo hili limewafikia pia: mna kabureta na CDI, kisanduku cha umeme wa plagi, na petroli yenu inapimwa na jeti ya shaba. Akija na laptop, mwambieni awaonyeshe anaichomeka wapi.