Wao wanatoa miaka miwili

Wiki jana nilienda shuleni kwa mtoto wangu, hapa Houston, kumuona mwalimu wake. Nikakuta kijana wa miaka 23, ndevu bado zinajitafuta. Nikamuuliza kama ualimu ndio aliousomea. Akacheka. Hapana, yeye alisoma uchumi. Amejiunga na Teach For America, anatoa miaka miwili kwa watoto wa mitaa maskini, kisha atakwenda kusomea sheria. Nikamshukuru, nikarudi garini, nikakaa kidogo bila kuwasha.

Neno hilo, kutoa, ndilo lilinichoma.

Mdogo wangu wa kike yuko Kadutu, mjini Bukavu, Kongo. Ana lisansi ya ISP Bukavu, chuo cha ualimu, na huu ni mwaka wake wa 11 mbele ya ubao. N.U. (nouvelle unité, mwalimu asiye kwenye orodha ya mishahara ya serikali) toka siku ya kwanza. Dosiye yake imepanda Kinshasa na kushuka hadi ameacha kuiulizia. Watoto wakiwa 70 darasani, anasema leo wengi hawakuja. Sijasikia mtu hata mmoja akisema kwamba mdogo wangu anatoa kitu. Wanasema alikosa kazi.

Najua mmeshaanza, ninyi wa nyumbani: "Huyu amevuka mpaka wa mto Ruzizi juzi tu, leo anatufundisha maisha." Ngojeni kwanza. Sijasema watoto wa hapa wanafundishwa vizuri kuliko wetu. Mwanangu ana miaka tisa na jedwali la saba linamshinda. Mdogo wangu analiimbisha darasa zima bila kitabu. Kama ni ufundi wa kufundisha, waje Kadutu wachukue stashi (mafunzo kazini).

Ninachokisema ni hiki: miaka ya kijana yule inahesabiwa. Programu yake ilizaliwa na memuari (tasnifu) ya mwanafunzi wa Princeton, Wendy Kopp, mwaka 1989. Mwaka uliofuata walimu wa kwanza wakaingia darasani. (Memuari zetu sisi zinaliwa na panya.) Kijana yule analipwa mshahara kama mwalimu mwingine. Kesho akiomba nafasi ya sheria, miaka hiyo miwili itamtangulia mlangoni. Akiamua kubaki, kuna utaratibu wa tangu 2007: fanya kazi ya umma au ya shirika lisilotafuta faida, lipa deni lako la masomo miezi 120, linalobaki la serikali kuu linafutwa. Sisemi ni maziwa na asali. Nawajua walimu wawili hapa wanaoendesha taksi usiku. Lakini njia ipo, na mtu anajua yuko hatua ya ngapi.

Baba yetu alifundishwa hisabati na kijana wa Peace Corps, Wamarekani wa kujitolea, enzi za Zaire. Mmarekani alimaliza muda wake akarudi kwao, na nina hakika Zaire imeandikwa mahali kwenye karatasi zake. Baba alishika chaki ile ile miaka 34. Leo akipita mtaa wa Nyawera, wazee wenye mvi wanamsimamisha: "Bonjour, maître!" Ndiyo pensheni yake.

Halafu ikaja gratuité, elimu ya msingi bure, 2019, miaka 13 baada ya Katiba kuiandika. Nilifurahi, naapa. Wazazi walipumua. Lakini N.U. alikuwa anakula motivation, pesa ya wazazi, si mshahara. Elimu ikawa bure, na mwalimu naye akawa bure.

Na sisi wenye diploma tusijifiche. Nani kati yetu alimaliza ISP au ISDR, chuo cha maendeleo vijijini, akiota darasa? Macho yote yalikuwa Goma, kwenye ONG (mashirika ya misaada): jeep nyeupe, jile (kizibao cha kazi), perdiem. Mimi mwenyewe niliacha chaki. Siku tano za kuulizia ONG maswali kwenye kambi ya wakimbizi zilinilipa kushinda trimesta nzima, na juu yake nikapewa karatasi yenye nembo. Karatasi hiyo ndiyo imenibeba. Kila tangazo la ONG lilitaka miaka mitano ya uzoefu. Miaka mitano na watoto 80, wazazi wenye hasira na chaki ya kukopa haikuwa uzoefu wa kitu chochote. Mwaka 2025 Wamarekani walipofunga USAID, shirika lao la misaada, wenzangu wengi wakarudi nyumbani na jile zao. Mdogo wangu hawakumfungia kitu, maana hakuwa na cha kufungwa. Kesho yake asubuhi aliingia darasani.

"Kuna vita, benki zimefungwa, na wewe unatulilia karatasi?" Ndiyo, nalilia karatasi! Mshahara sina uwezo nao. Karatasi inataka kalamu, tampo (muhuri) na mtu wa kusaini: huyu amefundisha hapa, tangu mwaka fulani, watoto wangapi. ONG nazo zikubali kuisoma.

Basi juzi nikamwandikia: nenda kwa direkta, mwombe attestation, karatasi hiyo, ya miaka yako yote 11, nitakuonyesha wapi pa kuituma.

Akanirudishia sauti, anacheka mpaka anakohoa: "Yaya, direkta mwenyewe ni N.U.! Lakini tampo iko."