Nadai Mamilioni, Nalipwa Nauli

Jamani, mtu akiniuliza nafanya kazi gani huwa najibu "niko upande wa fedha", halafu naomba Mungu asiulize swali la pili. Maana hizo fedha nazitamka tu, sizishiki. Kutwa nzima nimevaa spika za masikioni, kipaza sauti kiko mdomoni, nabembeleza watu waliochukua mkopo kwa tabasamu na sasa hawataki kusikia hata jina la kampuni. Asubuhi nadai, mchana nadai, jioni naandika ripoti ya niliowadai. Mwisho wa mwezi unaingia ujumbe kwenye simu, nausoma mara mbili kwanza nijue kama ni mshahara au ni salio lililobaki baada ya makato.

Sasa ngoja niwaambie biashara hii ilivyopangwa, mwone pa kulia ni wapi. Mwanzo kabisa yupo anayetafuta wakopaji. Huyo mkopo ukitoka tu, kamisheni yake inahesabiwa palepale. Anapigiwa makofi kikaoni, picha yake inabandikwa ukutani, mfanyakazi bora wa mwezi. Anafuata mchambuzi wa mikopo, ambaye kazi yake ni kuangalia kama mwombaji ataweza kulipa. Huyu ana digrii ya mambo ya hesabu, mshahara wake unasemeka mbele za watu, na akikosea, kosa linakuja kuonekana baada ya miezi mingi, yeye ameshapanda cheo na kuhamia ghorofa ya juu. Halafu huku mkiani ndiyo tuko sisi. Mkopo ukilipwa vizuri, sifa za aliyeuza. Usipolipwa, "nyie wa madeni mmelala?" Yaani anayezitoa hela anasherehekewa, anayezirudisha anaulizwa kwa nini amechelewa.

Ukisimama mlangoni pa ukumbi wetu utaona kitu kingine. Safu zote za mbele ni wanawake. Safu za kati, wanawake. Huku nyuma karibu na mashine ya kuchapia ndiyo tuko wanaume wachache tumejibanza. Si kwetu tu. Hata Marekani, ambako wana tabia ya kuhesabu kila kazi na anayeifanya, wanawake ndio wengi kwenye hii kazi ya kupiga simu za madeni. Sasa panda ngazi. Kila ghorofa unayopanda, sauti zinazidi kuwa nzito na tai zinaongezeka. Ukifika kwa mkurugenzi wa mikopo, mwanamke unayemkuta ni yule anayekuuliza una miadi na nani.

Nilimuuliza meneja siku moja, kwa upole kabisa, kwa nini kwenye simu mnaweka wanawake watupu. Akasema wanawake wana subira, sauti zao zinatuliza, mdaiwa hapandishi hasira. Nikamwambia sawa bosi, kama subira ndiyo mtaji wa kazi hii, mbona hailipiwi? Akaangalia saa yake, akakumbuka ana kikao.

Na ujanja wenyewe uko kwenye mgawo, watu hawauoni. Madeni hupangwa kwa umri wake: lililochelewa siku 30, la siku 60, la siku 90, halafu yale makongwe ambayo hata jina la mdaiwa limeanza kufutika. Deni changa linalipika. Mtu kasahau, unamkumbusha, analipa na samahani juu. Likizeeka, mwenyewe kahama, kabadilisha namba, pengine katangulia mbele ya haki, na wewe unaendelea kuuliza, "Naongea na mhusika?" Kila mtu kwenye hii kazi anajua kwamba kadiri siku zinavyokwenda ndivyo pesa inavyokimbia. Kwa hiyo ukitaka kumnyonga mtu mshahara wake, huna haja ya kuugusa. Mpe mafaili makongwe, basi.

Wanawake wa safu ya mbele wanapewa vijideni vidogovidogo, maelfu kwa maelfu, vya watu waliokopa hela ya kusukuma wiki. Wanaume wa "akaunti kubwa" wanapewa makampuni. Wote simu ni ileile, matusi ni yaleyale, ila kamisheni inahesabiwa kwa kiasi cha fedha kilichorudi. Dada wa meza ya pembeni yangu amebembeleza watu wengi kabla ya mchana kuliko idara nzima ya akaunti kubwa, na bwana mmoja wa huko akipata malipo ya kampuni moja tu, amemfunika. Ukienda kulalamika, wanakutolea karatasi: viwango vya kamisheni ni sawa kwa wote, hakuna ubaguzi. Ni kweli, viwango ni sawa. Kilichopinda ni meza.

Huyu dada alikuja na hoja yake ya kisomi. Akasema Shirika la Kazi Duniani lina mkataba wa tangu mwaka 1951, namba 100, unaosema mwanamke na mwanamume walipwe sawa kwa kazi zenye thamani sawa. Thamani, si lazima iwe kazi ileile. Akaongeza kwamba shirika hilohilo linakadiria duniani kwa ujumla wanawake wanapata pungufu ya wanaume kwa karibu asilimia 20. Ofisa wa rasilimali watu akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia, "Umeongea vizuri sana, ungefaa kuwa kwenye kitengo cha mafunzo." Sasa ana kazi mbili. Mshahara ni mmoja.

Mimi msinionee wivu eti ni mwanaume. Wanaume wanaofaidi ni wa ghorofa za juu. Sisi wa karibu na mashine ya kuchapia tunaonja tu ile harufu ya wino.

Halafu angalieni tulivyofika hapa. Kwenye ukumbi wetu kuna aliyesomea ualimu, kuna aliyesomea misitu, kuna mmoja wa theolojia ambaye ndiye anayeongoza kwa kukusanya, maana akikuambia "ndugu, timiza ahadi yako" unahisi kuna mtu mwingine naye anasikiliza. Hakuna hata mmoja aliyeomba chuo asomee kudai. Tulikuja "kwa muda tu, nikisubiri kitu". Wengi ni vijana, na wengi hawakai. Kila mwezi kuna sura mpya inaulizia msala uko wapi, na sura nyingine inarudisha kitambulisho. Mwenye mwaka mmoja anaitwa mzee na anaombwa ushauri wa maisha. Kampuni inalalamika inapoteza hela nyingi kufundisha wapya. Wazo la kuwaongezea waliopo ili wasiondoke limeshatolewa, likaambiwa litafanyiwa utafiti.

Na masharti ya kuajiriwa sasa! Kazi za mikopo waajiri wengi hupenda kwanza kuangalia rekodi yako mwenyewe ya madeni. Usiwe na deni bovu. Sawa, naelewa, huwezi kumpa mwenye deni kazi ya kudai wenzake. Lakini bwana, unanilipa mshahara ambao kufika tarehe 20 lazima nikope, halafu unanikataza kushindwa kulipa. Wapo wenzangu wanaopigiwa simu na kampuni nyingine wakiwa katikati ya kupiga simu za kampuni yetu. Unamwona mtu kazima kipaza sauti, anamjibu wa kule, "Nivumilie mpaka mwisho wa mwezi dada yangu," kisha anakiwasha tena na kumwambia wa huku, "Kaka, mwisho wa mwezi kwetu si jibu."

Juzi nilimpigia mheshimiwa mmoja, sauti nzito, nyuma yake nasikia geti linafunguliwa na mlinzi. Nikamsomea deni. Akanisikiliza kwa adabu zote, akaniuliza, "Kijana, wewe hapo wanakulipa shilingi ngapi?" Nikamwambia hilo liko nje ya mazungumzo yetu. Akasema, "Hapana, niambie, maana hili rejesho la mwezi mmoja unalonidai, naona kama linazidi mshahara wako." Nikanyamaza. Kimya kikawa kirefu mpaka akaanza kunionea huruma. "Pole sana," akasema, "ukichoka huko, nina nafasi ya dereva." Simu zetu zinarekodiwa. Msimamizi aliisikiliza ile, akanikata alama kwa kupoteza mwelekeo wa mazungumzo. Hakuniambia kama kwenye udereva pamebaki nafasi ya pili.

Kinachonichoma zaidi ni pale deni linapouzwa. Ndiyo, madeni yanauzwa kama bidhaa. Kampuni ikichoka kudai, inayakusanya yale makongwe na kuyauza kwa jumla kwa wanunuzi wa madeni. Mwaka 2013 Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani ilitoa ripoti baada ya kupekua vitabu vya wanunuzi wakubwa, ikakuta kwa wastani walikuwa wananunua kila dola 1 ya deni kwa senti 4. Senti nne! Deni la dola 1,000 linachukuliwa kwa dola 40. Aliyenunua akipata hata dola 100, amefunga hesabu anacheka. Na aliyeshika simu kuipata hiyo 100, akatukanwa ukoo mzima? Huyo yuko kwenye malipo ya saa, pamoja na kikombe chenye nembo ya kampuni.

Upande wa pili nao wana raha zao. Huko Marekani sheria ya mwaka 1977 inamlinda mdaiwa wa mkopo wa kawaida: wakala wa kukusanya madeni hapaswi kumpigia kabla ya saa 2 asubuhi wala baada ya saa 3 usiku, mpaka mwenyewe aridhie. Kanuni zilizoanza kutumika mwishoni mwa 2021 zikaongeza kwamba ukizidisha simu 7 ndani ya siku 7 kwa deni moja, unahesabika unamsumbua. Nazikubali, tena nazipenda, watu wamesumbuliwa sana na simu za vitisho. Ninachouliza ni kanuni ya bosi kumpigia mfanyakazi iko wapi. Hizo simu 7 wangu anazimaliza kabla sijaketi. "Umefikia asilimia ngapi? Sasa je? Na sasa?"

Asilimia yenyewe ni hivi. Ukifikia lengo, kamisheni inafunguka. Ukiishia asilimia 99, haifunguki hata chembe, unapewa neno la kutia moyo. Ukilivuka sana, wanajua lengo lilikuwa dogo, mwezi ujao wanalipandisha. Kwa hiyo wakongwe wa hapa wamejifunza kufika palepale penye mstari, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga jiwe lilelile, na mdaiwa anayetaka kulipa tarehe 30 anaombwa kwa unyenyekevu alipe tarehe 1.

Kuongezwa mshahara tuliwahi kuomba. Tukaongezwa cheo. Zamani nilikuwa "mkusanya madeni". Nikawa "afisa wa ufuatiliaji". Sasa hivi ni "mshauri mwandamizi wa suluhisho za urejeshaji". Cheo kimerefuka mpaka hakienei kwenye kitambulisho, wamekipunguzia maandishi. Fungu la mshahara halijui kama kuna mshauri mwandamizi kazaliwa.

Halafu imeletwa mashine. Inatuma ujumbe yenyewe, inapiga simu yenyewe, haiendi msalani. Takwimu za ajira za Marekani zinatabiri kazi yetu itazidi kupungua, na mashine inatajwa kuwa sababu mojawapo. Mimi sikatai maendeleo. Lakini tazama mashine imepewa nini: madeni ya siku 30! Yale malaini, ya mtu aliyesahau tu. Inamtumia ujumbe, analipa, mwisho wa wiki mashine inatangazwa kinara. Sisi tumebakishiwa wagumu, wale wenye mawakili, wale wanaojifanya ni mdogo wake mhusika. Lengo letu limebaki lilelile la enzi tulipokuwa na hao malaini. Yaani nimepangwa foleni moja na kompyuta, na kompyuta ndiyo imeruhusiwa kuchagua.

Basi mwanzoni mwa robo ya mwaka iliyopita nikajikaza, nikaingia kwa ofisa wa rasilimali watu kuulizia nyongeza ambayo iliahidiwa kwa maandishi. Akanikaribisha kiti. Akasema, "Kuna hela naisubiri kutoka juu." Nikashtuka, hiyo kauli naijua. Akasema, "Ningelikuwa nayo ningekupa hata leo." Hiyo pia naijua. Akasema, "Usinielewe vibaya, sijakataa." Nikamaliza naye moyoni neno kwa neno: nivumilie mpaka mwisho wa mwezi.

Nilirudi kwenye meza yangu nikafungua mfumo, nikamsajili. Jina, idara, kiasi, ahadi ya kulipa, tarehe. Mwisho wa mwezi ukapita, akawa wa siku 30. Nikampitia kwa upole, akasema aliyetia sahihi yuko likizo. Akawa wa siku 60. Sasa ametimiza 90, na kwa utaratibu wetu wenyewe deni la umri huo linahamishiwa kwa mtu mwingine mwenye mkono wa chuma. Nikamwomba dada wa meza ya pembeni ampigie yeye. Ameangalia faili, amecheka, amesema atampigia leoleo, ila kwanza tuelewane kamisheni.