Kukanda ni Dakika, Si Nguvu

Mkandaji anayesifiwa Lamu ni yule anayemtoa mtu yowe. Hamali aliyeshinda bandarini akishusha saruji hataki kupapaswa. Anataka kiwiko kizame mgongoni, na kesho yake akiamka bado panauma atasema amekandwa kweli. Kwangu mimi hiyo ni pesa iliyopotea. Tafiti hazikukuta dawa ndani ya maumivu. Zilipokuta kitu, zilikuta dakika, na kurudia.

Tazama magoti. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Adam Perlman waliwagawa watu 125 wenye magoti yaliyolika gegedu, wakawapa vipimo tofauti vya kukandwa kwa wiki nane. Waliokandwa dakika 60 walipata nafuu ya wazi. Wa dakika 30 hawakupishana sana na wale waliobaki na matibabu yao ya kawaida. Mgongo nao ulipimwa Seattle, Marekani, kwa watu 401, matokeo yakatoka 2011: kundi moja lilichimbwa misuli kwa utaalamu, jingine likakandwa kwa kuburudishwa tu, mara moja kwa wiki kwa wiki kumi. Yote mawili yaliwashinda wasiokandwa, na yenyewe yakatoka sare.

Ila tusijidanganye. Mapitio ya 2015 kuhusu mgongo ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaokusanya na kupima tafiti za tiba, yalisema ushahidi ni dhaifu na nafuu haikai muda mrefu. Tatizo moja halina ujanja: mtu humezeshwa kidonge cha uongo asijue, lakini nani atakandwa asijue?

Vijana wa mpira nao wataniambia kukanda kunatoa asidi ya laktiki, ile ya uchovu wa mazoezi, kwenye misuli. Hakutoi. Huko Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, mwaka 2012, vijana 11 walikanyaga baiskeli hadi wakachoka kabisa, mguu mmoja ukakandwa dakika 10, kisha vikachukuliwa vipande vya msuli. Dalili za uvimbe wa ndani zilipungua. Asidi ilibaki vilevile. Na mapitio ya Chuo Kikuu cha Sheffield, Uingereza, ya 2020, yaliyokusanya tafiti 29, hayakuona nguvu wala mbio zikiongezeka, isipokuwa maumivu ya siku zinazofuata kupungua kidogo. Kidogo hicho kwa hamali anayerudi kazini alfajiri si haba.

Basi saa hiyo moja itumike hivi. Anayekandwa alale kifudifudi juu ya godoro jembamba sakafuni, si kitanda cha kamba, kwa sababu kamba zikibonyea mkandamizo wako unaishia kitandani. Mto mdogo uwe chini ya vifundo vya miguu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya nazi kinatosha mgongo mzima; ukizidisha, mkono unateleza na wewe unalipiza kwa kukandamiza. Dakika kumi za mwanzo ni viganja tu, kutoka kiunoni kwenda mabegani, polepole. Ndipo vidole gumba vipite kando ya uti wa mgongo, upana wa vidole viwili, kamwe si juu ya mfupa. Ukikuta fundo, tulia nalo pumzi tano au sita, kisha songa, limelainika au halijalainika. Mwulize maumivu ni mangapi kati ya kumi, yasipite sita. Asipojibu, tazama miguu: akikunja vidole na kubana pumzi, msuli umejikaza kujilinda, nawe sasa unashindana nao.

Paja lililogongwa likavilia damu lisikandwe siku hizo za mwanzo. Damu ile ikisumbuliwa inaweza kuota mfupa ndani ya msuli. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asichimbwe kabisa. Na mafuta ya karafuu hayapakwi matupu, yanaunguza: matone matatu katika vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya nazi, basi. (Wanaosema yakiwasha ndiyo yanafanya kazi ni ndugu wa yule mpenda kiwiko.)

Penye hatari hasa ni kwa mzazi, yaani mama aliyetoka kujifungua. Maji ya moto na kukandwa katika zile siku arobaini ni desturi ninayoitetea, maana ina kile ambacho tafiti zinadai: muda, na kurudia. Lakini wiki sita hizo ndizo damu huganda kwa urahisi miguuni, zaidi kwa aliyejifungua kwa kupasuliwa. Shavu la mguu lenye donge la damu likikandwa, donge linaweza kung'oka likaenda mapafuni. Kwa hiyo kabla ya mafuta, somo, yule mwanamke anayemhudumia mzazi, achukue utepe wa fundi cherehani, apime miguu yote miwili, sentimita 10 chini ya goti. Mmoja ukiupita mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, au ukiwa mwekundu, wa moto na unauma peke yake, usiguswe. Mama apelekwe hospitali siku hiyohiyo, na akiwa anahema kwa shida hata boti ya kukodi isingojewe ijae.