Kilomita 40 za Mjomba

Simu ya alfajiri kutoka nyumbani unaijua mwenyewe. Unaipokea huku umeshaanza kupiga hesabu. Kumbe ni Mjomba, sauti nzito ya mtu aliyefanikiwa: kapata tiketi ya bei chee kwenda Copenhagen harusini. Anatua Heathrow saa sita mchana, na saa nane anaruka kutoka Gatwick.

"Mjomba, hivyo ni viwanja viwili."

"Si vyote viko London?"

Nikakaa kitako. Nikamjibu kwa adabu, kama mtu mzima anayeheshimika huku ughaibuni, kwamba London ni kubwa.

"Wakala kanionyesha kwenye simu, kilomita 40. Dar mpaka Kibaha, mpwa wangu. Unanitisha kwa Kibaha?"

Hizo 40 ni za kuchora kwa rula, Mjomba. Kwa barabara zinakaribia 70, na barabara yenyewe ni M25, ile kuu inayoizunguka London.

"Basi nitapanda kindege hapo katikati."

Hakuna. Ilikuwepo helikopta tangu 1978, dakika 15 umefika. Ilipofika 1986, M25 ikiwa karibu kukamilika, wakaiondoa, eti barabara inatosha.

"Na inatosha?"

Mjomba, watu wanazeekea kwenye foleni ile! Na hapo hujasimama uhamiaji, hujangoja begi, hujalitafuta basi ambalo hata likikimbia linakula saa nzima na ushee. Tiketi zenyewe mbili mbalimbali. Ukiachwa, umeachwa, hakuna wa kukuonea huruma. Halafu viza.

"Viza ya nini? Mimi nabadili ndege, sihamii."

Ukitoka nje ya kiwanja umeingia Uingereza, na kwa pasi yetu hii...

"Wewe umekaa huko miaka yote hiyo, hujui hata mtu mmoja pale mlangoni?"

Hapo heshima ikaniishia, nikapaza sauti mpaka jirani akagonga ukuta. Mjomba akanisubiri nimalize, akasema taratibu: "Basi utanipeleka wewe na gari lako." Gari lenyewe linadai bima, mimi niko zamu, na siku hizi hata kumshusha mtu mlangoni pa kiwanja unalipia!

Lakini nimlaumu yeye kwa lipi? Kiwanja cha ndege cha Southend kiko pwani kabisa, kinajiita London. Cha Beauvais kiko zaidi ya kilomita 80 kutoka Paris, nacho kinajiita Paris. Kibaha mbona haijawahi kujiita Kariakoo?

Sasa ananitumia picha za suti ya harusi. Bluu ya kumeremeta, mkono mmoja mrefu kuliko mwenzake.