Fahali Afungiwe au Aachwe Zizini?

Ng'ombe wa kumi na moja alikuwa mwekundu, mgongo umejaa, nyonga za mviringo, manyoya yanang'aa. Ungeambiwa uchague mmoja wa kupeleka maonesho ya Nane Nane, ungemchukua huyo. Daktari wa mifugo alivuta glovu yake ndefu hadi begani, akaingiza mkono, akapapasa, akanyamaza kidogo kama mtu anayetafuta funguo mfukoni.

"Hana kitu," akasema.

Mjomba wangu akacheka. "Huyu? Mbona kanona hivi?"

"Ndiyo sababu kanona, mzee. Hana ndama wa kumnyonya wala mimba ya kumla."

Ilikuwa mwezi wa saba, kwenye zizi la miiba ukingoni mwa mbuga ya Wembere, wilayani Igunga. Majike waliofikia umri wa kuzaa walikuwa 31. Tulipomaliza, wenye mimba walikuwa 14. Mjomba, ambaye kijijini anasifiwa kwa wingi wa ng'ombe, alikaa kwenye gogo akawa anachora chini kwa fimbo.

Daktari akatoa ushauri: mwakani fahali atengwe. Aingizwe kwa majike tarehe 1 Februari, atolewe tarehe 30 Aprili, basi. Mjomba akakataa hapo hapo. Walibishana mpaka chai ikapoa, na ubishi huo nimetembea nao tangu siku ile, maana kila mmoja alikuwa na haki yake, na kuna jambo ambalo wote wawili waliliruka.

Hesabu ya daktari ni hii. Mimba ya ng'ombe hukaa siku 283 hivi. Ukitaka jike azae kila mwaka, zinabaki siku 82 tangu azae hadi ashike mimba nyingine, na katika hizo, siku 40 za mwanzo au zaidi kizazi bado kinajirudi. Joto, yaani hali ya jike kumtaka dume, huja kila baada ya siku 21. Kwa hiyo nafasi za kweli ni mbili hivi, na zikipita, mwaka umeponyoka. Jike anayezaa kila baada ya miezi 20 atakupa ndama 6 katika miaka 10. Anayezaa kila mwaka atakupa 10, naye anakula majani yale yale na kunywa maji yale yale.

Tarehe zenyewe hakuziokota njiani. Atakayeshika mimba Februari 1 atazaa karibu Novemba 11, mvua za Tabora zinapoanza. Atakayeshika Aprili 30 atazaa karibu Februari 7. Sasa tazama: aliyezaa Novemba 11 anatimiza siku zake 82 siku ile ile fahali anaporudi kundini, na aliyezaa Februari 7 anazitimiza siku fahali anapotolewa. Wote wananyonyesha wakati wa majani mabichi. Ndama wanapishana miezi mitatu tu, kwa hiyo chanjo ni siku moja, kuhasi ni siku moja, na kumjua aliyedumaa hakuhitaji mizani.

Ila hoja yake iliyonigusa zaidi ni ya mwezi wa saba. Fahali akitolewa Aprili 30, mwisho wa Julai hata mimba changa kuliko zote ina miezi mitatu, na mkono wenye uzoefu hauipiti. Asiye na mimba anajulikana, na anapelekwa mnadani akiwa bado na nyama ya masika mwilini, kabla ya Septemba kumbakiza ngozi na mifupa. Mwenye fahali zizini mwaka mzima hana siku kama hiyo. Jike akiwa hana mimba Julai, huenda atashika Agosti, huenda Oktoba, na hiyo "huenda" ndiyo iliyomlisha yule mwekundu wa mjomba misimu miwili bure.

Mjomba naye hakuwa anabisha kwa ukaidi. Hoja yake ya kwanza ilikuwa lambo. Kiangazi, makundi ya vitongoji vitatu yanakunywa lambo moja, na fahali wa watu wako pale. "Wa kwangu nitamfungia," alisema, "wa jirani nitamfungia kwa kamba ya nani?" Hakuna jibu rahisi hapo. Uzio hakuna, malisho ni ya wote, na zebu jike, huyu ng'ombe wetu wa asili mwenye nundu, akiingia joto hukaa nalo saa chache, mara nyingi usiku au alfajiri, hivyo mchungaji wa miaka 12 hawezi kumzuia asikutane na dume wa jirani. Wamasai huwafunga kondoo dume kipande cha ngozi tumboni ili wasipande kabla ya wakati. Fahali wa kilo 350 akifungwa hivyo, mimi bado sijaona.

Hoja ya pili haikutoka kwake. Ilitoka jikoni. "Na maziwa ya mwezi wa tisa mtayatoa wapi?" aliuliza mke wake bila kutoka nje. "Kwenye simu?"

Wanaume tulicheka, lakini alikuwa amegusa penyewe. Vitabu vya ufugaji wa nyama humhesabu ng'ombe kwa kilo, ilhali nyumba nyingi za Igunga na Nzega humhesabu pia kwa kibuyu cha asubuhi. Maziwa ni uji wa watoto, samli, na ile fedha ndogo ya sabuni na daftari ambayo mama haombi kwa mtu. Majike wakizaa wote kati ya Novemba na Februari, masika maziwa yanamwagika hata mnunuzi hakuna, na kufika Septemba, wakati ugali hauna mboga, zizi zima limekauka. Uzazi uliotawanyika, ambao daktari anauona kuwa ovyo, kwa mama huyo ni akiba.

Ya tatu ni ya hatari, na hii daktari hakuijibu vizuri. Mbegu za fahali huchukua takriban siku 60 kutengenezwa. Homa kali, iwe ya ndigana inayoletwa na kupe au ya ugonjwa wa miguu na midomo, huziharibu. Fahali aliyeugua katikati ya Januari anaweza kuonekana mzima Februari, anakula, anapanda, na bado hamtii jike mimba mpaka Machi inaelekea kwisha. Mwenye fahali wa mwaka mzima atapoteza miezi miwili. Mwenye msimu wa siku 89 na fahali mmoja atapoteza karibu theluthi mbili za nafasi zake za mwaka mzima. Kufunga msimu ni kuweka mayai kwenye kapu moja, na Tabora kapu hilo linabebwa na mtu anayepita katikati ya kupe na ndorobo. Kiangazi kikikaza, makundi mengi huelekea misitu ya miombo upande wa Sikonge, Urambo na Kaliua, na huko nagana, ugonjwa unaoletwa na ndorobo, hukondesha majike, huangusha mimba na kudhoofisha mbegu za fahali.

Mjomba aliongeza kwamba mvua yenyewe ni lango tosha, kwa kuwa majike wengi hushika mimba masika kwa vile ndipo wanaposhiba. Ni kweli kwa kiasi, ila mvua haikuambii nani alikosa.

Sasa nije kwenye jambo waliloliruka wote wawili. Walibishana fahali aingie lini. Hawakuuliza fahali ni yupi na kwa nini ndiye aliyebaki.

Nenda mnadani. Mnunuzi anaelekeza fimbo kwa dume mkubwa kuliko wote, mwenye mgongo mpana, na mfugaji mwenye ada ya shule mfukoni hawezi kukataa bei ile. Rudi nyumbani. Madume wachanga wenye mabega mazuri huhasiwa mapema wawe maksai wa jembe, maana dume mwenye nguvu ndiye anayefaa kulima. Ukishatoa waliochukuliwa na bucha na waliochukuliwa na jembe, wanaobaki na korodani zao ni wale ambao hakuna aliyewataka. Hao ndio baba wa kundi. Tumefanya hivi miaka mingi kisha tunamlaumu zebu kwamba ni mdogo.

Zizini kwa mjomba madume wasiohasiwa walikuwa sita. Watatu walitoka tumbo moja, na mama yao alikuwa bado anazaa humo humo. Yule mzee aliyewatawala wote alikuwa na korodani moja iliyosinyaa, ya upande wa kushoto. Hakuna aliyekuwa ameiona mpaka daktari alipoinama. Fahali wa aina hiyo ni balaa la pekee, kwa kuwa hana uwezo kamili na bado anawafukuza wenye uwezo. Nadhani sehemu kubwa ya wale 17 wasio na mimba ilikuwa pale, kati ya miguu yake ya nyuma, wala si kwenye kalenda.

Fahali aliyekomaa na mwenye afya anatosha majike 25 hadi 30. Kijana wa miaka miwili mpe nusu ya hao au pungufu. Kumkagua si siri ya maabara: macho, meno, miguu ya nyuma anayoisimamia akipanda, korodani mbili zinazolingana, zisizo laini kama embe lililoiva sana wala ngumu kama jiwe, zinazoteleza ndani ya mfuko wake. Afanyiwe hivyo mwanzoni mwa Desemba, ili kama ana shida, siku 60 ziwepo za kupona au za kutafuta mwingine. Jike mmoja tasa anakunyima ndama mmoja, lakini fahali mmoja mbovu anakunyima zizi zima.

Kuna watakaosema njia ya mkato ni uhimilishaji, yaani mtaalamu kumtia jike mbegu bila fahali, mbegu zitoke kituo cha taifa cha Usa River zikiwa kwenye naitrojeni ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Kwa ng'ombe wa maziwa aliyefungwa bandani Tabora mjini, sawa kabisa. Kwa kundi linalolala Wembere na kuonwa na mtoto mmoja, ni kumwita mtaalamu aje kuambiwa kwamba joto lilikwisha alfajiri.

Kuna pia upungufu ndani ya kalenda yenyewe ya daktari. Jike wa kuzaa Novemba anabeba miezi mitatu ya mwisho ya mimba, ile ambayo ndama hukua kwa kasi kuliko zote, katika Agosti, Septemba na Oktoba, wakati ambao Igunga nyasi zimekuwa vumbi. Anazaa mbavu zikihesabika. Ukiwapa majike alama ya unono wa mwili kutoka 1, aliyekonda kabisa, hadi 5, aliyenona mno, aliyezaa na 3 atarudi kwenye joto kwa wakati. Aliyezaa na 2 atatumia majani yote ya Desemba na Januari kujijenga, na Februari fahali atampita kama anavyolipita gogo. Shida zaidi iko kwa mtamba aliyezaa mara ya kwanza, kwani yeye mwenyewe bado anakua.

Usukumani kuna dawa ya zamani ya hili, ngitili, eneo linalofungwa tangu masika ili majani yake yasimame mpaka kiangazi. Mradi wa HASHI (Hifadhi Ardhi Shinyanga) ulioanza mwaka 1986 uliirudisha kwa nguvu, na Nzega na Igunga ni jirani wa mlango kwa mlango. Ngitili ya ekari chache haiwezi kulisha kundi zima, wala isijaribu. Iwe ya mitamba wenye mimba ya kwanza na majike waliokonda, pamoja na mabua, pumba za mpunga, chumvi, na mashudu ya pamba kidogo pale fedha inaporuhusu.

Na wale wanaotupa mimba katikati ya safari wasihesabiwe bahati mbaya. Maabara ya mifugo ipo Tabora, damu ipimwe brusela, na mpaka majibu yatoke maziwa yachemshwe, kwa sababu ugonjwa huo humpata mtu pia.

Mwenye shamba lake lenye uzio, Sikonge au Uvinza, sina cha kumwambia zaidi ya kwamba daktari yuko sahihi: funga fahali. Weka wawili ili mmoja akiugua usibaki mikono mitupu. Kwa mwenye kundi la malisho ya wote namuunga mkono mjomba kuhusu kutomtenga fahali kwa sasa, ila simuungi kuhusu mengine. Ahasi madume wasio na kazi kwanza, maana kumfungia fahali mmoja huku wanawe watano wanazurura ni kuziba dirisha na kuacha mlango wazi. Apapase mimba kila Julai hata kama fahali alikuwa zizini mwaka mzima, na jike atakayekutwa hana mimba wala ndama mdogo mguuni aondoke. Atapata faida kubwa ya msimu bila kugombana na lambo wala jiko. Akishazoea kuhesabu miaka miwili mitatu, na majirani wakahasi wa kwao, ndipo tarehe za daktari zirudishwe mezani, na hata hapo majike wanne au watano wa maziwa ya nyumbani waachwe nje ya kalenda, wapandishwe kwa zamu. Orodha yao aiandike mke wake.

Mjomba hakusema ndiyo. Lakini wiki mbili baadaye aliwahasi madume wanne, na yule mzee wa korodani moja akaenda mnadani pamoja na ng'ombe mwekundu. Mnunuzi alimzunguka yule mwekundu mara mbili, akauliza kama ana mimba. Mjomba akamwambia ukweli. Mwenye bucha akasema afadhali, akalipa. Kisha akamwona dume kijana mweusi mwenye mabega mapana, aliyebaki na korodani zake, aliyeletwa kwa ajili ya kuwatuliza wenzake njiani, akataja bei iliyofanya watu wageuke. Mjomba alivuta kamba, akasema huyo amekuja kutembea tu.