Wameuza Mtoto, Wamekodi Mkono

Julai ikielekea ukingoni, simu yangu inalala kifudifudi mezani. Mama watoto alipoona mchezo huo alinuna, akadhani kuna mtu. Nikamwambia watu wapo kweli, tena wengi, wanakaa ofisini Wrigley Field, uwanja wa timu yangu ya besiboli, na usiku huu wanazipigia timu nyingine kuuliza zinamtaka kijana wetu gani. Akaniuliza, "Kijana wetu yupi? Wetu yuko chumbani anacheza gemu." Ndiyo maana nasema humu ndani naishabikia Chicago Cubs peke yangu.

Ninyi mlio nyumbani mmezoea dirisha dogo la Simba na Yanga. Mchezaji anakuja, tajiri anatoa hela, mashabiki wanakwenda uwanja wa ndege kupiga ngoma, basi. Huku kwenye besiboli dirisha linafungwa Julai ikiisha, na mchezaji analipiwa kwa mchezaji. Unataka mrushaji wa kukumalizia mechi? Toa watoto. Na hao watoto ndio mimi nawafuatilia tangu wakiwa hawana ndevu, kwa sababu tiketi ya kuwaona South Bend kule Indiana inaingia mfukoni mwangu, ya Wrigley haiingii.

Maana kila timu kubwa ina timu zake za malezi. Sisi tunazo Myrtle Beach, South Bend, Knoxville na Iowa, kijana anapanda ngazi moja moja, analala kwenye mabasi, anakula mikate. Mimi najua nani bega linamuuma, nani ameanza kuona mpira unaopinda. Kisha siku moja narudi kazini nakuta ameuzwa Detroit. Hata kuaga hakuna.

Na anauzwa kwa nani? Kwa mtu wa bulpeni! Hapa ndipo damu yangu inapochemka. Mechi ina awamu 9. Mrushaji anayeanza, siku hizi akifika ya tano au ya sita anatolewa, tena anapigiwa makofi kwa kutomaliza kazi. Zinazobaki wanagawana jamaa wa bulpeni, watu wanaokaa pembeni wakitafuna mbegu za alizeti kwa saa mbili nzima. Wa mwisho wao, mmaliziaji, akiingia taa zinazimwa, muziki unapigwa, watu wazima wanasimama wanapiga mayowe. Anarusha mipira 15, labda 20, anawatoa watu watatu, anapeana mikono na wenzake, anaenda kuoga. Mamilioni ya dola. Mimi napanga makasha ghalani zamu ya saa 10, na nikimaliza hakuna wa kunipa hata mkono. Msimamizi ananiuliza kwa nini nimesahau kubonyeza mashine ya kutokea.

Rafiki yangu wa Bukavu, anayeninyoa, nilimweleza yote haya akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza, "Ndugu yangu, hii mupira inaishaka saa ngapi?" Nikamwambia haina saa, inaisha ikiisha. Akazima mashine, akanitazama kwenye kioo kwa huruma.

Haya, tuje kwenye kidonda chenyewe. Julai 2016, Cubs hawajachukua World Series, yaani ubingwa wa ligi kuu, tangu 1908. Timu nzuri, lakini wakubwa wakaona hatuna mtu wa awamu ya tisa. Wakaenda New York kwa Yankees kumchukua Aroldis Chapman, Mkuba ambaye mwaka 2010 alirusha mpira wa kilomita 170 kwa saa, kitu ambacho ukikiona kwenye barabara kuu polisi wanakifukuza. Mama watoto aliposoma kwamba ligi ilikuwa imemfungia mechi 30 msimu huohuo kwa kanuni zake za ukatili wa nyumbani, alikataa kumshangilia, na mpaka leo hajalegeza. Na mkataba wa Chapman ulikuwa unakwisha mwisho wa msimu. Miezi mitatu, mtu anaondoka zake. Kwa miezi hiyo mitatu tukatoa wachezaji 4, mmoja wao Gleyber Torres, mtoto wa Venezuela wa miaka 19. Ni kuweka rehani hati ya kiwanja cha Kibaha ili ukodi suti ya harusi.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Chapman alipewa jembe siku ya kwanza, na meneja Joe Maddon hakumpokonya mpaka mkono ukalegea. Kwenye fainali dhidi ya Cleveland, mechi ya tano alimrushisha zaidi ya awamu mbili. Mechi ya sita tunaongoza kwa mbali, mtu mwenye akili timamu angemwacha alale, akamwingiza. Mechi ya saba, awamu ya nane, Chapman amechoka, Rajai Davis wa Cleveland akaubamiza ukatoka nje. Sita kwa sita! Nilitoka sebuleni nikaenda kusimama kwenye ngazi za nje, jirani shabiki wa White Sox, timu nyingine ya Chicago, akafungua dirisha aone kama nalia.

Mvua ikanyesha, mchezo ukasimama dakika 17, wakarudi, tukashinda 8 kwa 7 katika awamu ya kumi. Sasa sikilizeni. Aliyerusha mpira wa mwisho, ule ambao mji mzima uliusubiri miaka 108, hakuwa Chapman. Ni Mike Montgomery, tuliyemchukua kutoka Seattle Julai hiyohiyo bila ngoma wala tarumbeta. Jamaa alikuwa hajawahi kumalizia mechi hata moja katika ligi kuu. Hiyo ndiyo ilikuwa yake ya kwanza! Naye tulimpata kwa kumtoa Dan Vogelbach, kijana mnene mpole aliyekuwa Iowa, ambaye 2019 aliitwa kwenye mechi ya nyota wa ligi nzima akiwa Seattle. Kwa hiyo hata wa bei nafuu hakuwa wa bure.

Desemba mwaka huohuo Chapman akarudi Yankees. Dola milioni 86, miaka 5. Na Torres yuko hukohuko kwao anapikwa. Yaani Yankees walitukodisha mtu, wakachukua mtoto, kisha na mtu wao wakamchukua tena! Torres 2018 na 2019 akawa kwenye mechi ya nyota, na huo mwaka wa pili akapiga homurani 38, yaani mipira ya kutoka nje kama ule wa Davis. Kila alipopiga moja nilikuwa natumiwa ujumbe na shemeji yangu aliyeko Bronx, nyumbani kwa Yankees. Shemeji huyo hajui besi ya kwanza, kituo cha kwanza anachokimbilia mpigaji, iko upande gani, ila jina la Torres alilijua.

Na ubaya wa yote ni kwamba huwezi kulalamika. Ukifungua mdomo tu, mtu anakuonyesha kidole: pete ya ubingwa! Unalalamika na pete mnayo? Hiyo pete ya 2016 imekuwa leseni. Kila Julai wakubwa wanatoa mtoto, ukiuliza wanakuonyesha pete. Mimi sijaivaa, sijaishika, lakini ndiyo inayonifunga mdomo.

Mwaka uliofuata, 2017, wakaonja tena. Detroit walikuwa na mrushaji wa mkono wa kushoto, Justin Wilson. Tukamchukua pamoja na mdakaji Alex Avila, tukatoa vijana wawili: Jeimer Candelario na Isaac Paredes. Paredes alikuwa na miaka 18! Wilson akaja akawa anarusha mpira kila mahali isipokuwa panapotakiwa; wapigaji wakawa wanatembea bure kwenda besi ya kwanza. Nikasema sawa, imepita.

Haikupita. Julai 2023 tunatafuta mpigaji, tunahangaika, tunamleta nani? Candelario! Yuleyule! Na ili kumpata, Washington tukawapa watoto wengine wawili, mmoja mrushaji DJ Herz, ambaye mwaka uliofuata alikuwa anarusha ligi kuu. Candelario akakaa nasi miezi miwili hivi, msimu ukaisha, akasaini Cincinnati. Nikamwambia mama watoto: tumetoa chipukizi kumnunua chipukizi wetu wenyewe, na bado hatunaye. Akasema, "Hao watu wako wanafanana na kaka yako na ile pikipiki." Nilinyamaza, kwa sababu ile pikipiki kweli kaka aliinunua mara mbili.

Mnadhani imeisha? Julai 2024, Tampa Bay wana mpigaji mzuri, ameitwa kwenye mechi ya nyota. Cubs wanamtaka. Jina: Isaac Paredes. Wallahi sijatunga. Tukamtoa Christopher Morel, kijana tuliyemlea sisi tangu Jamhuri ya Dominika, aliyepiga homurani mara yake ya kwanza kabisa kushika gongo ligi kuu, tukaongeza na warushaji wawili. Paredes akarudi nyumbani. Nikaanza kumzoea. Desemba hiyohiyo, hata mti wa Krismasi haujakauka, akafungiwa mzigo kwenda Houston! Kwa Kyle Tucker, sawa, mpigaji hatari, lakini jamani, huyu mtoto ana mji gani? Na Tucker naye mkataba ulibaki mwaka mmoja. Tulivyo na moyo wa kukodi, siku moja tutakodi mpaka uzio.

Boston wao wana kidonda cha zamani zaidi. Agosti 1990 walitaka mtu wa bulpeni, wakamchukua Larry Andersen wa Houston, mzee wa miaka 37. Akawarushia awamu 22 tu, wakaingia kwenye mchujo, Oakland wakawafunga mechi 4 kwa 0. Mtoto waliyemtoa alikuwa Jeff Bagwell. Alipiga homurani 449, zote na jezi ya Houston, na 2017 akaingizwa kwenye jumba la magwiji kule Cooperstown. Nikizidiwa na hasira huwa namfikiria mzee fulani wa Boston asiyemjua mtu, anayekumbuka hizo awamu 22, nalala.

Na huyo Chapman haachi. Juni 2023 Texas wakamchukua kutoka Kansas City, wakamtoa mrushaji kijana Cole Ragans. Texas wakabeba World Series! Ragans naye mwaka uliofuata akawa nyota wa Kansas City. Mtu mmoja ameacha watoto waliong'ara miji miwili, na pete mbili, moja huku, moja kule. Hata ukitaka kumchukia kitaalamu, hesabu zinakugomea.

Jirani wa White Sox ananiambia, "Lakini 2021 si mliuza ninyi, mkapata?" Huyu jirani ana kumbukumbu pale zinapomfaa. Ni kweli, 2021 walifungua duka. Anthony Rizzo kwenda Yankees, Kris Bryant kwenda San Francisco, Javier Báez kwenda Mets, ndani ya saa 24 mashujaa watatu wa ile pete wamepakiwa. Mmaliziaji Craig Kimbrel alivuka mji tu, akaenda huko huko kwa jirani yangu, na alipofika wakaanza kumbamiza. Wiki hizo nilikuwa namsalimia jirani kila asubuhi, kwa sauti kabisa.

Lakini Báez! Jezi ya Báez ndiyo niliyomnunulia kijana wangu, kwa bei ambayo nyumbani unapata mbuzi na chenji. Na tukapewa nini? Pete Crow-Armstrong, mtoto wa miaka 19 aliyekuwa amecheza mechi 6 za ligi za chini msimu ule kisha akapasuliwa bega. Nililalamika mpaka majirani wa ghorofa ya chini wakagonga dari. Kumbe 2025 huyo wa bega akapiga homurani 31, akaiba besi 35, yaani kukimbilia kituo cha mbele bila mpira kupigwa, anaruka kudaka mipira kama hana mifupa, na kijana wangu ananiuliza kwa nini nilimsema. Namwambia sikumsema yeye, nilisema bei ya jezi.

Kuna siku moja nilishindwa kujua nishangilie nani. Aprili 2017, Pittsburgh, Pirates wakamwingiza Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mtu wa kwanza aliyezaliwa bara letu kucheza ligi kuu. Alikuwa kwenye ligi za chini tangu 2009, miaka yote ile ya mabasi na mikate. Mpinzani ni nani? Cubs. Anarusha Jon Lester, mrushaji wangu kipenzi. Mara yake ya kwanza kushika gongo, Ngoepe akaupiga, akafika besi ya kwanza salama! Niliruka mpaka nikamwaga chai kwenye zulia. Mama watoto akauliza, "Mmefunga?" Nikasema, "Tumefungwa." Akachukua kitambaa akanipa, nifute mwenyewe.

Hao Pirates wamemsajili na kijana wa Uganda, David Matoma, mrushaji, mpira wake una kasi ya kutisha. Namfuatilia kuliko namfuatilia mpwa wangu wa Morogoro, na mpwa wangu analijua hilo. Ole wao siku wakimtoa huyo kwa mzee wa kutafuna mbegu za alizeti.

Sasa kijana wangu anataka jezi mpya, na anataka jina la chipukizi mmoja aliyeko Iowa. Nikamwambia thubutu! Mwezi ujao huyo atakuwa Miami na mimi bado nadaiwa kwenye kadi. Tukakubaliana tuweke jina la ukoo wetu mgongoni, maana hilo hakuna timu inayoweza kulibadilisha na mrushaji. Tumefika dukani, dada wa pale akatukaribisha vizuri, akaandika, akahesabu, akahesabu tena. Kumbe wanatoza kwa herufi. Nimemwuliza kijana kama ana shida akiitwa kwa jina la ukoo wa mama yake, wale wana herufi nne tu.